Safu ya Maswali: Juni ngao ilizuia, Septemba ikapigwa chenga

Barua za safari hii nyingi zimetoka Ghuba au zimetoka kwa watu wenye ndugu Ghuba, na sishangai, vijana wetu huko ni wengi na anga ya huko siku hizi haitabiriki. Nimechagua tano. Zile za matusi nimeziacha zilale.

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi niko Doha mwaka wa nne sasa, naendesha basi la wafanyakazi. Usiku ule wa tarehe 23 Juni 2025 tulikuwa juu ya paa la kempu tunapunga upepo, joto lilikuwa halilaliki, mara tunaona vimoto vinapanda angani kimoja baada ya kingine, Mkenya mmoja tunayelala nae chumba kimoja akasema hizo ni fataki kuna harusi ya mkubwa, kabla hajamaliza kishindo kikapiga mpaka ndoo ya maji ikatikisika. Tukajua ni makombora. Yakatunguliwa, watu wakapiga makofi. Sasa tarehe 9 Septemba, mchana kweupe, mji ukapigwa na sisi hatukuona hata kimoto kimoja kinapanda. Nchi ile ile, mitambo ile ile. Walizima au?

JIBU: Marahaba kijana wangu. Hawakuzima, ila swali lako lina maswali mawili ndani yake, ngoja tuyaachanishe.

La Juni kwanza. Marekani ilikuwa imeshapiga vituo vya nyuklia vya Iran tarehe 22, Iran ikawa lazima ijibu, lakini ijibu bila kuchoma nyumba nzima. Kwahiyo taarifa ikatangulizwa mapema, ndege za Marekani pale kambi ya Al Udeid zikawa zimeshahamishwa, Qatar ikafunga anga yake kabla hata ya kombora la kwanza kuonekana, na yalipofyatuliwa yakawa 14, idadi ileile ya mabomu mazito ambayo Marekani ilidondosha kule Iran. Yani hata hesabu yenyewe ilikuwa barua. Shirika la ndege la Qatar peke yake lilikuwa na ndege zaidi ya 90 hewani ambazo ilibidi zikatue nchi za watu, abiria elfu 20 na zaidi wakalala wanapopajua wao.

Pale kambini watu waliondolewa wakabaki askari wa Marekani kama 44 wa kuendesha Patriot, ile mitambo ya kutungua makombora. Jenerali Dan Caine, mkuu wa majeshi ya Marekani, alisimulia baadae kwamba mkubwa wao alikuwa kapteni wa miaka 28, na mdogo wao alikuwa na miaka 21, miwili tu tangu aingie jeshini. Hebu fikiria, mtoto wa miaka 21 kakaa kwenye kontena mbele ya skrini, ana kama dakika mbili za kufanikiwa au kushindwa, na pembeni Waqatar nao wako kwenye Patriot zao wenyewe. Caine alisema wanaamini walifyatua Patriot nyingi kwa mpigo kuliko siku nyingine yoyote kabla ya hapo kwenye historia ya jeshi la Marekani. Ndio vile vimoto ulivyoviona vinapanda. Trump alisema 13 yalitunguliwa na moja likaachwa liende zake, baadae Pentagon wakakubali kwamba hilo moja lilitua ndani ya kambi, na picha za setilaiti zikaonyesha kuba la mitambo ya mawasiliano halipo tena.

Kwahiyo Juni ilikuwa hivi: adui anajulikana, upande anaotokea unajulikana, saa inajulikana. Hapo mtambo ukishindwa basi uuze chuma chakavu.

Septemba kila kitu kiligeuka, safari hii aliyepiga ni Israel, inawasaka viongozi wa Hamas walioko Doha. Kwa maelezo ya maafisa wa Marekani walioongea na vyombo vya habari, ndege za Israel hazikusogea hata karibu na anga ya Qatar, zilirusha makombora kutokea upande wa Bahari ya Shamu, yaani magharibi, wakati Iran iko kaskazini na mashariki ng'ambo ya Ghuba. Sasa rada ya Patriot za kizazi hiki haizunguki kama feni, inatazama kipande kimoja cha anga, kama nyuzi 120, ukitaka itazame kwingine inabidi uihamishe. Waziri Mkuu wa Qatar, Sheikh Mohammed bin Abdulrahman, alisema silaha zilizotumika hazikuonekana na rada. Na alisema jingine ambalo mimi ndo liliniuma zaidi: simu ya Wamarekani kuwajulisha ilikuja dakika 10 baada ya shambulio kuanza. Nchi ina kambi kubwa kuliko zote za Marekani Mashariki ya Kati, askari kama elfu 10 wanakula na kulala pale, halafu simu inakuja wakati moshi umeshapanda. Walikufa watu sita, watano wa Hamas na askari mmoja wa usalama wa Qatar.

Maoni yangu mimi ni haya. Mtambo unaelekezwa kwa yule uliyemtaja kuwa adui. Qatar ilimtaja mmoja na ikanunua mitambo kwa ajili yake. Yule mwingine alikuwa mgeni wa mazungumzo, watu wake wanakuja Doha kujadili mateka, na ni swahiba wa mwenye kambi. Hata kama rada ingeona, hebu niambie, nani angebonyeza kitufe, na angempigia nani simu kwanza? Mwisho wa mwezi uleule Netanyahu aliomba radhi kwa simu akiwa Ikulu ya Marekani, na Trump akasaini amri kwamba Qatar ikishambuliwa itachukuliwa kama tishio kwa Marekani yenyewe. Kwahiyo pengo la rada likazibwa kwa karatasi. Kama ile karatasi inatosha au haitoshi, waulize Waqatar, mimi ningekuwa wao ningenunua na rada ya upande wa pili.

SWALI: Habari ya kazi mhariri. Mimi mfanyabiashara Tanga. Qatar wana hela za gesi hawajui wazipeleke wapi. Mbona wasinunue hizo Patriot elfu mbili tatu wamalize mchezo, badala ya kukaa chini ya kwapa la Mmarekani?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Wewe ni mfanyabiashara kwahiyo nitakujibu kwa daftari la mauzo.

Kombora moja jipya la Patriot, lile la PAC-3, ni kama dola milioni 4, za kwetu zaidi ya shilingi bilioni 10, na ni la kutumia mara moja, likiondoka limeondoka. Kwa kawaida wanafyatua mawili kwa kila kombora linalokuja, ili la kwanza likikosa la pili lipate. La THAAD, ambalo linakwenda juu zaidi, ni kama dola milioni 12. Upande wa pili, droni ya Iran aina ya Shahed inakadiriwa dola elfu 20 mpaka elfu 50. Kwahiyo wewe unauza duka, yeye anauza karanga, mnashindana nani atamaliza mtaji. Tajiri anaweza kuvumilia hasara hiyo kwa muda, sawa, lakini tatizo sio hela tu, tatizo ni stoo. Mwaka 2024 wote kiwanda cha Lockheed Martin kilitoa PAC-3 mpya kama 500, na hizo zinagombaniwa na Marekani wenyewe, Ukraine, Japani, Saudia, Ujerumani na wengine walioko foleni. Huwezi kwenda na gunia la dola ukaambiwa pakia. Kwenye ile vita ya siku 12 ya Juni, Iran ilirusha kwa Israel zaidi ya makombora 500 ya balistiki, yale yanayopanda juu sana kisha yanashuka kwa kasi. Weka mawili kwa kila moja uone stoo inabaki na nini.

Na Israel wenyewe, ambao ndio walimu wa mambo haya, hawako peke yao. Usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 Aprili 2024 Iran ilituma zaidi ya vitu 300, droni kama 170, makombora yanayoruka chini kama 30 na ya balistiki kama 120, na karibu yote yakazuiwa. Watu wakasema Iron Dome hiyo! Wapi bwana. Iron Dome ni ya maroketi ya karibu, kilomita 4 mpaka 70. Usiku ule kazi kubwa ilifanywa na Arrow, mtambo wa Israel wa kutungua makombora ya masafa marefu, na ndege za kivita, na Wamarekani, Waingereza, Wafaransa, Wajordan. Yani nchi nne zilikesha kwa ajili ya nchi moja. Sasa taifa dogo ambalo halina marafiki wa kukesha nalo litanunua Patriot ngapi?

Kingine, mtambo unataka watu. Qatar ina watu kama milioni tatu lakini raia wenyewe ni kama mmoja katika kila kumi hivi, wengine ndo kama yule dereva wetu wa hapo juu. Walianzisha jeshi la lazima kwa vijana wa kiume mwaka 2014, miezi mitatu au minne, halafu 2018, wakati majirani zao Saudia, Emirati na Bahrain pamoja na Misri wamewafungia mipaka, wakaongeza ikawa mwaka mzima. Hilo la kufungiwa naomba uliweke akilini. Mwaka 2017 hakuna aliyerusha kombora, walifunga tu barabara na anga, maziwa yakaisha madukani, Qatar ikaleta ng'ombe kwa ndege. Patriot haitungui kufungiwa mpaka.

Mimi kama ningekuwa natafuta taifa dogo la kuiga ningetazama Finland kabla ya Ghuba. Wamechimba na kujenga mahandaki ya kujikinga kama 50,500, yanaingia watu milioni 4.8 katika nchi ya watu milioni 5.6, na wakati wa amani watoto wanachezea humo mpira na watu wanaogelea. Handaki halihitaji kujua adui anatokea upande gani.

SWALI: Mwalimu, nasoma kompyuta chuo kimoja hapa Dodoma. Je hii mitambo inaweza kukosea kwa sababu ya programu tu? Manake lecturer wetu alisema kuna watu walikufa kwa sababu ya desimali, darasa zima likacheka.

JIBU: Wasicheke, lecturer wenu yuko sahihi, na hii ndo barua niliyoipenda kuliko zote.

Ni tarehe 25 Februari 1991, vita ya Ghuba, mji wa Dhahran, Saudia. Kombora la Scud la Iraq linakuja, Patriot iko pale, imewashwa, iko salama, hakuna kilichoharibika, na haikufyatua hata moja. Scud ikaangukia bweni la askari wa Marekani, wakafa 28.

Chanzo chake ni hiki. Kompyuta ya Patriot ilikuwa inahesabu muda kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Sasa wewe unajua, 0.1 ukiiandika kwa sifuri na moja haikai sawasawa, inaendelea bila mwisho kama ukigawa 1 kwa 3, kwahiyo wakaikata kwenye biti 24 wakaacha kimkia kidogo nje. Kimkia hicho ni kidogo mno huwezi kukiona, lakini kila sehemu ya kumi ya sekunde kinajumlishwa, kinajumlishwa, na mtambo ule ulikuwa haujazimwa kwa karibu saa 100. Baada ya saa 100 saa ya mtambo ikawa imepotea kwa theluthi moja ya sekunde. Sasa Scud inakwenda zaidi ya kilomita moja na nusu kwa sekunde, theluthi ya sekunde ni zaidi ya nusu kilomita. Rada ilikiona kitu, ikaenda kukitafuta tena pale inapoamini kitakuwepo, ikakuta anga tupu, ikasema hamna kitu hapa, ikafuta.

Na tiba ilikuwa rahisi mpaka inakera: zima, washa. Ukiwasha upya saa inaanza sifuri. Waisraeli walikuwa wameshaligundua tatizo siku kadhaa nyuma wakawaambia Wamarekani, ujumbe ukatumwa kwa watumiaji kwamba msiiache mitambo ikiwaka kwa muda mrefu sana, ila hakuna aliyesema muda mrefu sana ni saa ngapi. Programu iliyorekebishwa ilikuwa imeshatengenezwa, iko njiani. Ilifika Dhahran tarehe 26. Siku moja baadae.

Kwahiyo ukimaliza chuo ukaajiriwa ukaandika kwenye maelekezo "usiache kwa muda mrefu", kumbuka hiyo "muda mrefu" na uweke namba.

SWALI: Mimi swali fupi. Kwanini Tanzania tusinunue Iron Dome? Mzalendo, Mwanza.

JIBU: Umechagua mji mzuri wa kuulizia. Tarehe 29 Machi 1979, vita vya Kagera vikiwa vimepamba moto, Gaddafi alituma ndege ya Tu-22 ije kumsaidia Idi Amin kwa kulipua matenki ya mafuta hapo Mwanza. Ikakosa mji mzima. Mabomu yakaanguka kisiwa cha Saanane, kwenye hifadhi, akajeruhiwa mfanyakazi mmoja na wakafa swala kadhaa ambao hawakuwa na ugomvi na mtu. Waulize wazee wa hapo, wapo wanaosimulia mpaka leo. Siku chache baadae ndege zetu zikaenda kujibu upande wa Uganda.

Sasa hiyo ilikuwa ndege moja, miaka mingi iliyopita. Iron Dome ilitengenezwa kwa tatizo mahsusi: mwaka 2006 Hezbollah ilirusha maroketi kama elfu nne kutoka Lebanon, na Amir Peretz, ambaye alikuwa waziri wa ulinzi na nyumba yake iko Sderot, mji ambao king'ora kikilia una sekunde 15 tu za kukimbia, akalazimisha mradi huo wakati majenerali wengi wanaukataa. Ukaanza kazi 2011. Ujanja wake ni kwamba unapiga hesabu roketi itaangukia wapi, ikiwa ni shambani unaiacha ianguke, ikiwa ni kwa watu ndo unatumia kombora la dola elfu 40 au 50. Na kikosi kimoja kinalinda eneo la kama kilomita za mraba 150. Sisi tuna 945,000. Chukua kalkuleta.

Afu tishio letu haliji hivyo. Waliovamia kijiji cha Kitaya kule Mtwara Oktoba 2020 walivuka mto Ruvuma, hawakuruka. Rada haioni mtu aliyepanda mtumbwi usiku. Pale unataka mwenyekiti wa kijiji mwenye chaji kwenye simu na mtu wa kupokea hiyo simu saa nane za usiku. Najua jibu hili halina mvuto kama mtambo unaowaka, samahani mzalendo.

SWALI: Kaka mhariri, mwanangu wa kike yuko Abu Dhabi kazi za ndani, nikisikia habari za makombora silali. Aliniambia mama huku kuna mitambo hakuna kinachoingia. Ni kweli? Na likitokea afanyeje?

JIBU: Dada yangu pole, najua huo usingizi unaoutafuta.

Sitakudanganya, kinaingia. Tarehe 17 Januari 2022 Wahouthi wa Yemen walituma droni na makombora mpaka Abu Dhabi, zaidi ya kilomita elfu moja. THAAD ilitumika vitani siku hiyo kwa mara ya kwanza duniani na ikatungua kombora, lakini mengine yalipita, magari ya mafuta yakalipuka kwenye bohari la Musaffah, wakafa watatu. Wawili Wahindi, mmoja Mpakistani. Wafanyakazi, kama mwanao, na hilo ndilo linalonisumbua mimi kwenye habari hizi zote, raia wa nchi hizo ni wachache kiasi kwamba kipande kikianguka popote kina uwezekano mkubwa wa kumkuta mgeni aliyekwenda kutafuta riziki. Tarehe 24 yakaja mawili, yakatunguliwa yote. Tarehe 31 likaja jingine, likatunguliwa. Mitambo ilifanya kazi nzuri, hilo tuseme. Ila utulivu wenyewe ulikuja Aprili, pale vita vya Yemen viliposimamishwa kwa makubaliano yaliyosimamiwa na Umoja wa Mataifa, na Agosti mwaka huohuo Emirati wakamrudisha balozi wao Tehran. Walilipa THAAD na walilipa nauli ya balozi. Ya pili ilikuwa bei rahisi zaidi.

Sasa cha kumwambia. Akisikia king'ora au simu ikipiga mlio wa dharura asitoke kibarazani kutazama, hata kama wenye nyumba wanatazama. Aingie ndani, mbali na madirisha, chumba cha katikati au chini ya ngazi, maana kombora likitunguliwa haliyeyuki, chuma kile kinashuka chote, na vioo ndo vinaumiza wengi. Asiguse kipande chochote atakachokikuta nje asubuhi. Awe na namba yako ameishika kichwani, sio kwenye simu tu. Na asirekodi video. Ile Januari 2022 mwendesha mashtaka wa Emirati aliwaita watu kadhaa kuhojiwa kwa kusambaza video za kombora kutunguliwa, na mtoto wa watu hana haja ya kupona kombora halafu akapoteza kibali cha kazi kwa ajili ya status.